Rubani kijana kwenye makaburi ya Nakuru: ni nani aliyemuua, na mwenzake aliyepotea yuko wapi?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Nakuru. Niliwapeleka wanafunzi kwenye makaburi ya Nakuru North, tukakuta safu za mawe ya kijeshi ya vijana wa Jeshi la Anga la Uingereza na la Australia. Wengi ni wa miaka 20, 21, 22, na walikufa 1942. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, Nakuru palipiganwa vita gani?" Sikuwa na jibu. Tena marehemu babu yangu alikuwa akisimulia ndege ya Wazungu iliyoingia kwenye wingu upande wa Nyandarua isitoke, na waliokuwamo hawakuonekana mpaka leo. Vijana hawa waliuawa na nani? Na yule asiye na kaburi, jina lake liko wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mfikishie salamu zangu huyo mwanafunzi, maana watu wazima wengi hupita mbele ya mawe yale bila kujiuliza hivyo. Mwambie kwamba Nakuru hapakupiganwa vita. Palikuwa na shule, na shule ndiyo iliyowaua.

Nieleze, nisije nikaonekana nawasingizia walimu wao.

Italia iliingia Vita Kuu ya Pili dhidi ya Waingereza Juni 1940, na kwa miezi kadhaa Kenya ilikuwa mstari wa mbele kwelikweli. Hata Malindi, mji wa wavuvi, ilidondoshewa mabomu na ndege za Kiitaliano Oktoba mwaka huo. Lakini Mei 1941 Duke of Aosta, aliyekuwa akiitawala Ethiopia kwa niaba ya Italia, alisalimu amri pale Amba Alagi, na Novemba ngome ya Gondar nayo ikaanguka. Baada ya hapo anga ya Kenya haikuwa na adui. Misri, kwa upande mwingine, ilikuwa imefurika majeshi, na Wajerumani walikuwa jangwani wanabisha hodi. Huwezi kumfundisha mtu kurusha ndege mahali ambapo anaweza kutunguliwa katikati ya somo. Kwa hiyo Kitengo Namba 70 cha mafunzo ya kivita, kilichoanzia Ismailia kando ya mfereji wa Suez, kikahamishiwa Nakuru mwaka 1941 na kukaa huko mpaka 1943. Nanyuki nako kukawekwa ndugu yake, Kitengo Namba 72. Ndiyo maana ukiona 1942 kwenye jiwe la Nakuru, kabla hujawaza bunduki, waza darasa.

Usidhani lakini kwamba hawa walikuwa makuruta wasiojua kushika usukani. Kijana aliyefika Nakuru alikuwa ameshafuzu. Alikuwa amesomea urubani Rhodesia au Afrika Kusini, au Australia au Kanada katika mpango mkubwa uliotiwa saini Ottawa, Kanada, tarehe 17 Desemba 1939. Kanada peke yake ilifundisha zaidi ya askari 131,000 wa kuruka na ndege. Mabawa ya kitambaa alikuwa ameshashonewa kifuani, na picha ameshapiga, ameitumia nyumbani kwa mama. Kilichobaki ni kuizoea ndege ya vita yenyewe, yeye pamoja na wenzake wawili ambao pengine mwezi uliopita hakuwa akiwajua: mwongoza njia, anayeshika ramani na kudondosha mabomu, na mpiga redio ambaye ndiye huyohuyo mshika bunduki. Wanafundishwa kuruka sambamba na wengine, kuruka chinichini, kulenga shabaha, kuruka usiku. Wakimaliza, wanapandishwa kwenda vikosini Misri.

Ndege yao ilikuwa Blenheim, ndege ya mabomu ya Waingereza. Nakiri kwamba mimi siipendi, na kila nikisoma kumbukumbu zake nazidi kutoipenda. Ilipoanza kazi 1937 ilisifiwa kwa mbio, hata ndege za kivita za Uingereza za wakati ule hazikuifikia. Miaka minne baadaye ilikuwa imepitwa, na zilizopelekwa shuleni mara nyingi ni zile ambazo vikosi vilikuwa vimeshazichosha. Ina injini mbili. Asiye rubani atasema afadhali, moja ikifa iko nyingine. Kumbe injini moja ikizima wakati ndege ndiyo kwanza imeacha ardhi, ile iliyobaki huizungusha ndege upande, kama mtumbwi unaopigwa kasia la kulia tu. Rubani ana sekunde chache za kukanyaga usukani wa miguu kwa nguvu zake zote na kushusha pua ili apate kasi, ilhali chini hana nafasi ya kushukia. Rafadha, yaani pangaboi la mbele, ya injini iliyokufa haikuweza kugeuzwa ubavu ikate upepo; ilibaki imekinga hewa, ikiivuta ndege nyuma kama breki.

Na liko jambo moja ambalo sijawahi kuwasamehe waliochora chumba cha rubani cha ndege hiyo. Vishikio vya kubadilisha pembe za rafadha waliviweka nyuma ya kiti, jirani na vishikio vya kukatia injini mafuta, avishike kwa kupapasa. Mfikirie kijana wa miaka 20, injini inatetemeka, miti inamjia, mkono uko nyuma ya mgongo unatafuta, na kimoja kati ya vishikio anavyovigusa kitaizima hata ile injini nzima.

Ndege hiyo sasa ilete Nakuru. Mji wenu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita, na bawa hulala juu ya hewa. Ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka, na ikiinuka inapanda kwa uvivu. Kutua nako kuna mtego wake. Kipimo cha kasi kikionyesha namba ileile ambayo rubani amezoea usawa wa bahari, chini ya magurudumu ardhi inapita kwa kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 10. Kijana aliyezoea kuamini macho anaona anakwenda mbio mno. Anapunguza. Ndege haiamini macho. Inajua hewa tu, na hewa haitoshi, basi inaanguka kama jiwe mita chache kabla ya uwanja. Ajali ya namna hii haina moshi wa vita wala ushujaa, na katika daftari inaandikwa kwa mistari miwili.

Nije kwa babu yako.

Wewe umeandika kwamba wale "hawakuonekana". Wengine wangesema "walipotea", na Kiswahili hapo kimetunza mambo mawili ndani ya neno moja: kupotea njia, na kupotea usionekane tena. Kwa askari wa anga wa zama zile, la kwanza lilikuwa mlango wa la pili.

Tazama ramani. Kutoka Nakuru ukielekea mashariki, kilomita kama 60 tu, umekutana na kilele cha Satima, mita 4,001. Kusini yake kuna Kinangop, mita 3,906. Ukiwa unaelekea Nanyuki, mbele yako kuna Mlima Kenya wenye mita 5,199. Nyuma yako ukingo wa Mau unakaribia mita 3,000. Nakuru yenyewe iko kwenye bonde katikati ya kuta. Asubuhi kuta hizo zinaonekana safi, nawe unazijua kuliko mimi wa Mombasa. Ikipita saa sita mchana mawingu yanaanza kujikusanya juu ya Nyandarua, na wakati wa masika yanaweza kushuka mpaka kwenye mianzi. Mgeni kutoka Queensland, Australia, anayaona kama mawingu mengine yoyote.

Chombo cha kupimia kimo kilichokuwa mbele yake hakipimi umbali wa kutoka ardhini. Kinapima mgandamizo wa hewa. Kikimwambia yuko mita 3,500, ni kweli yuko mita 3,500. Kwamba mlima ulio mbele yake ndani ya wingu una mita 4,000, chombo hakina habari. Tena kupita mita 3,000 mtu anahitaji oksijeni ya kuvuta kwa barakoa. Asipoivuta, akili inakuwa nzito taratibu huku mwenyewe akijiona yuko sawa kabisa. Kuna marubani waliorudi na hesabu zilizoandikwa huko juu wakashindwa kuzisoma.

Mwongoza njia naye alikuwa na dira, saa, penseli na makadirio ya upepo. Alihesabu hivi: tumeruka dakika kadhaa, kwa kasi hii, kuelekea huku, upepo unatusukuma kule, basi tuko hapa. Akikosea mwelekeo kwa nyuzi 5 tu katika safari ya kilomita 240, amekosea mahali alipo kwa kilomita 20 na zaidi. Juu ya bahari hilo linarekebishika. Juu ya Nyandarua, kilomita 20 ndiyo tofauti ya bonde na jabali.

Ndege ikigonga msitu wa mianzi kwenye mteremko, mianzi hujifunga juu yake. Ndege za kutafuta hupita, rubani anaangalia chini, anaona kijani kibichi kisicho na alama. Masimulizi ya babu yako nayachukulia kwa uzito kuliko unavyodhani, maana mara nyingi mtu wa mwisho kuisikia ndege ya namna hiyo alikuwa mchungaji au mkulima ambaye hakuna aliyemfuata kumuuliza.

Usiwaache wanafunzi waamini kwamba ni milima yetu tu iliyokuwa mikali. Uingereza kwenyewe, ambako ardhi ya Lincolnshire ni tambarare kama meza, ilikuwa vilevile. Mfano ninaoupenda kuutoa ni wa John Gillespie Magee. Alizaliwa Shanghai mwaka 1922, baba Mmarekani na mama Mwingereza, wamisionari wote wawili. Marekani ilikuwa haijaingia vitani, kwa hiyo akavuka mpaka akajiunga na Jeshi la Anga la Kanada akiwa na miaka 18. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza akirusha ndege ya kivita ya Spitfire katika kikosi namba 412. Tarehe 11 Desemba 1941, katika safari ya mazoezi, yeye na wenzake waliona tundu kwenye mawingu wakateremka kwa mbio kupitia hapo. Chini ya mawingu kulikuwa na ndege ya shule kutoka Cranwell, mwanafunzi wa miaka 19 peke yake ndani. Wakagongana. Mkulima mmoja alimwona rubani wa Spitfire akihangaika kukisukuma kifuniko cha kioo, akafaulu, akasimama, akaruka. Alikuwa chini mno. Parashuti haikuwahi kufunguka. Magee naye alikuwa na miaka 19. Hakuna Mjerumani aliyekuwa karibu. Jina lake linakumbukwa kwa sababu miezi michache kabla aliwatumia wazazi wake barua yenye shairi fupi kuhusu kuruka, na shairi likaenea duniani kote. Yule wa Cranwell hakuacha shairi.

Hesabu kubwa nazo zinasema lilelile. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573 katika vita vile, na zaidi ya 8,000 kati yao walikufa katika mafunzo na ajali, si kwa mkono wa adui. Yaani karibu mmoja katika kila saba.

Ukitaka mfano wa karibu na nyumbani, wape wa Roald Dahl, ambaye wanafunzi wako bila shaka wamesoma hadithi zake. Alikuwa karani kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, na Kiswahili alikijua. Novemba 1939 aliendesha gari mpaka Nairobi akajiunga na Jeshi la Anga. Alijifunzia kwenye Tiger Moth, ndege ndogo ya mafunzo, juu ya mbuga za Nairobi, na kwa kimo chake cha karibu mita mbili, kichwa kilikuwa kikichungulia juu ya kioo cha mbele. Akapelekwa Iraq, kisha Misri. Tarehe 19 Septemba 1940 alipewa ndege ya aina ya Gladiator, ambayo hakuwahi kufundishwa kuirusha, aipeleke kwenye kikosi chake jangwani. Mahali alipoelekezwa hapakuwa na kikosi. Giza likaingia, mafuta yakaisha, akajaribu kutua kwenye mchanga na mawe. Fuvu likapasuka na macho yakafumba kwa majuma. Aliokolewa. Baadaye alieleza kwamba kati ya vijana 16 walioanza naye Nairobi, 13 hawakuiona amani. Kama mtu angekosea mwelekeo kidogo zaidi siku ile, Dahl angekuwa jina tu kwenye ukuta.

Ukuta wenyewe ndio jibu la swali lako la mwisho. Ndege isiporudi, jamaa walipelekewa telegramu: hajulikani alipo. Hilo ni neno baya kuliko kifo, maana haliruhusu matanga. Mama anaendelea kuosha shuka la kitanda. Kwa kawaida miezi sita ikipita bila habari, barua ya pili inakuja kusema sasa anahesabiwa amekufa, ili mirathi na mishahara ishughulikiwe. Na kwa kuwa hana kaburi, jina lake linachongwa kwenye mnara wa eneo. Wa Uingereza na kaskazini magharibi ya Ulaya wako Runnymede, karibu na London, zaidi ya 20,000. Wa kwetu hawako Nairobi kama unavyoweza kudhani. Wako Misri, kwenye Mnara wa Alamein, magharibi ya Alexandria, uliofunguliwa na jemadari Mwingereza Montgomery Oktoba 1954. Mbao za jeshi la anga pale zina majina zaidi ya 3,000, yakiwamo ya waliopotea Afrika Mashariki na wale wa shule za Rhodesia na Afrika Kusini ambao miili yao haikupatikana. Kijana aliyezama kwenye wingu la Nyandarua, na jangwa la Alamein hakulikanyaga, jina lake linasomwa na upepo wa jangwa.

Hapa nitachepuka kidogo, uniwie radhi. Mwanafunzi mwerevu atakuuliza: na wetu je? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hiyohiyo inayotunza mawe mliyoyaona, ilitoa ripoti mwaka 2021 ikakiri kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waafrika wengi, hasa askari na wapagazi wa Afrika Mashariki, hawakuandikwa majina popote. Ni watu wasiopungua 100,000. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinabeba jina la kikosi cha wapagazi hao, bila jina la mpagazi hata mmoja. Rubani wa Nakuru hana kosa katika hilo. Lakini mwalimu wa historia akisimama mbele ya jiwe lenye jina, umri na namba, anayo haki ya kuwaambia watoto jiwe hilo ni upendeleo.

Sasa kazi ya mikono. Rudini makaburini na daftari, msitafute majina kwanza, tafuteni tarehe. Mawe mawili au matatu yenye tarehe moja ni ndege moja: rubani, mwongoza njia, mpiga redio. Yakiwa yamebananishwa bila nafasi kati yao, mara nyingi ina maana miili haikuweza kutenganishwa. Hilo waambieni watoto kwa upole. Nakilini namba ya askari. Ikianza na herufi NZ ni wa New Zealand. Waaustralia waliokuja kwa mpango ule wa Ottawa wengi wana namba inayoanza na 4. Chini kabisa ya jiwe huenda pana maneno machache ya familia, ambayo mama au baba aliyachagua kwa barua.

Kisha ingizeni jina kwenye orodha ya Tume mtandaoni, ni bure. Kama ni Mwaustralia mna bahati, kwa sababu mafaili ya vifo vya jeshi lao la anga yamo katika hifadhi ya taifa ya Australia, mfululizo A705, na mengi yanasomeka kwenye simu: ripoti ya ajali, maelezo ya mashahidi, mpaka orodha ya soksi na vitabu vilivyorudishwa nyumbani. Kama ni wa Jeshi la Anga la Uingereza, kadi ya ajali, Fomu 1180, iko Makumbusho ya Jeshi la Anga huko Hendon, London, na daftari za kila siku za vitengo vya mafunzo ziko hifadhi ya taifa ya Kew, mfululizo AIR 29. Kwa hizo lazima uandike barua au uwe na ndugu huko London mwenye subira.

Kwa ndege ya babu yako njia ni ya kinyume. Waulizeni wazee waliobaki kama alitaja ilikuwa masika au kiangazi, asubuhi au jioni, na yeye alikuwa amesimama wapi. Halafu kwenye orodha ya Mnara wa Alamein tafuteni watu watatu wa tarehe moja kati ya 1941 na 1943, mkalinganishe na daftari la Nakuru la siku hiyo. Mkiwapata, na daftari likasema waliruka kuelekea mashariki, niandikie upesi. Nina ramani ya zamani ya msitu ule, nitakuletea mwenyewe.